Soli za Visitación

Aliletwa kwangu ana miaka kumi na mmoja,
mkono mmoja umo ndani ya ngumi ya shangazi yake,
mwingine umekumbatia viatu vya binamu aliyekwisha kuolewa.
"Vipunguze," akasema yule shangazi.
Kiatu hakipunguzwi, mama. Ni mguu unaosubiriwa.
Nikashindilia pamba kwenye ncha (Lebrija pamba haikosekani,
hupeperuka kutoka ghalani hadi ndani ya supu)
kisha nikapigilia misumari, kichwa kwa kichwa,
arobaini mbele, thelathini na miwili kisiginoni,
nikamwambia: haya, iambie sakafu jina lako.

Akaiambia.
Nyundo yangu ikaona haya.

Wengine watakusimulia maisha ya Visitación Carpio
kwa mabango, kwa picha za magazeti, kwa medali ya manispaa.
Mimi kusoma sikujaliwa sana. Nasoma soli.

Jozi ya nne, nyekundu, ilinifikia kwa basi kutoka Madrid,
imefungwa kwa gazeti lenye madoa ya mafuta.
Huko alicheza flamenko kwenye ukumbi wa chini ya ardhi,
maonyesho matatu kwa usiku, wageni wakitafuna
na kupiga makofi pasipo mahali pake.
Visigino vilikuwa vimelika upande wa nje, vyote viwili.
Nikajua: msichana huyu anaziegemea meza zao.
Anachezea bakshishi.
Nikavitengeneza, nikatia kikaratasi ndani: simama katikati.
Hakunijibu.
Jozi ya tano ilikuja imelika sawasawa.

Ya saba ilirudi haijachezewa, misumari imeota kutu.
Ulikuwa mwaka wa mtoto yule ambaye hatumtaji.
Kutu haiulizwi maswali. Niliisugua kwa siki.

Kisha, akiwa na arobaini na mitatu, akaingia dukani na gunia:
jozi nane, za wanawake nane, ngoma aliyoitunga mwenyewe.
"Baldomero, ng'oa misumari yote."
Nilidhani amerukwa na akili.
Siku mbili niling'oa, na kila msumari ulilia kwa sauti yake.

Córdoba, Novemba, mvua. Nilikaa safu ya mwisho, koti limelowa.
Wanawake nane jukwaani, soli tupu,
wakapiga mbao kwa nguvu zao zote
na kilichotoka ni pumzi.
Hapakuwa na gitaa. Hapakuwa na mwimbaji.
Bwana mmoja akapaza sauti arudishiwe hela yake.
Viti vikagongana; nusu ya ukumbi ikaondoka.
Husemwa mcheza kwao hutunzwa:
wa kwao walimtunza migongo.

Ndipo nikasikia.
Tatu. Sita. Nane. Kumi.
Kumi na mbili.
Kilikuwa kidole changu, juu ya paja langu.
Na cha mama aliyekaa kando yangu, kwenye mkoba wake.
Na cha mlinda mlango, kwenye kitasa.
Misumari ile niliyoing'oa
ilikuwa imetuingia sisi.

(Mwenye ukumbi, hata hivyo, alimlipa mwezi wa Machi,
tena nusu.)

Sasa ana sitini na minne. Goti la kulia ni la chuma;
anasema ndilo pekee mwilini lisilokosea hesabu.
Vijana anaowafundisha wanamwogopa, nao wana haki.
Jana alikuja na ndara zake za nyumbani, za kitambaa.
"Nitilie msumari. Mmoja. Wa kushoto tu."
Wa nini?
"Jirani wa chini akinisikia, anajua nimeamka."

Nikamtilia mmoja. Nikakataa pesa zake,
akaudhika, akaziacha juu ya fuawe, nikamrudishia mfukoni.
Familia hii nawajua.
Shangazi yake, Mungu amlaze pema,
hajanilipa bado ile pamba.